Tahadhari: Msinunue "VPN ya kuongeza spidi" inayopitishwa nyumba kwa nyumba

Ndugu zangu wa Kampala na Wakiso, hasa mliovuta intaneti ya nyumbani karibuni: kuna kijana anapita kwenye nyumba za kupanga upande wa Kisaasi, Kyanja na Najjera. Ana kitambulisho shingoni na laptopu mkononi, anajiita fundi wa mtandao, anauza kitu anachokiita "VPN ya ruta". Ruta ni kile kifaa kinachosambaza wifi nyumbani, na VPN ni huduma inayofunga data yako kwa siri na kuipitisha kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali. Anaahidi spidi itapanda mara tano, tena kwamba hakuna mtu yeyote atakayeona unachofanya mtandaoni. Anataka shilingi 150,000 za kufunga na 30,000 kila mwezi, zote kwa mobile money kwenye namba yenye jina la mtu mwingine. Ahadi zote mbili ni uongo. Msimpe hela, na zaidi ya hapo msimruhusu aguse ruta.

Shangazi yangu ameshamlipa. Nilikwenda kukagua alichofungiwa, na naeleza mbinu nzima kwa sababu onyesho lake linashawishi hata mtu makini.

Kwanza anakwambia upime spidi ukiwa chumbani, mlango umefungwa, simu ikiwa kwenye wifi ya 2.4 GHz. Kwa shangazi ilisoma Mbps 6 (megabiti kwa sekunde). Kisha anakaa na ruta, anaandika maneno kwenye laptopu, anazima, anawasha. Halafu anakuita sebuleni, unasimama karibu kabisa na ruta, simu ameshaihamishia kwenye wifi ya 5 GHz, na namba inaruka hadi 29. Shangazi alishangilia. Lakini kifurushi chake ni cha Mbps 30! Hizo 29 alikuwa anazilipia tangu mwezi wa kwanza. Zilikuwa zinaishia kwenye kuta. Wifi ya 5 GHz ina kasi ila haipenyi ukuta vizuri. Ya 2.4 inafika mbali zaidi, lakini ni ya polepole na inagongana na wifi za majirani, na kwenye nyumba zetu zilizobanana majirani ni wengi. Tulitoa ruta nyuma ya televisheni tukaiweka juu ya kabati, wazi, na chumbani kukapata nafuu bila hata shilingi moja.

Ukitaka kujua ukweli wa laini yako, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima vifaa vingine, pima asubuhi na upime tena usiku watu wengi wanapokuwa mtandaoni. Kwa waya ikipungua sana kila mara, hapo una haki ya kuisumbua kampuni.

Anatumia pia kutojua kwetu hesabu. Kampuni zinauza kwa megabiti, ile Mbps yenye b ndogo, ilhali kompyuta ikishusha faili mara nyingi inaonyesha megabaiti, B kubwa. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya Mbps 30 ikifanya kazi sawasawa inashusha chini kidogo ya megabaiti 4 kwa sekunde. Kijana anakuonyesha hiyo 3.7 na kusema "unaona wanavyokubania?" Hakuna aliyekubania.

VPN haiwezi kuzidisha kifurushi chako. Inapita ndani ya laini ileile, na huwezi kupitisha bomba la inchi mbili ndani ya bomba la inchi moja. Kwa kawaida inapunguza spidi kidogo, kwa sababu data inafungwa kwa siri na kuzungushwa kwenye seva ambayo huenda iko Ulaya. Inaweza kusaidia pale tu kampuni inapopunguza makusudi kasi ya huduma fulani, na hata hapo haivuki ulichonunua.

Kuhusu siri, sisi Uganda VPN tumeizoea. Kodi ya OTT, ile ya kutumia mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku ilipokuja Julai 2018 kila mtu aliipakua, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 VPN ikabaki kwenye simu zetu. Ndiyo maana neno hili linauzika. Lakini ilivyo ni hivi: VPN inaificha kampuni ya intaneti tovuti unazofungua, basi. Kampuni bado inaona kwamba unatumia VPN na unakula data kiasi gani. Ukiingia Google au Facebook kwa akaunti yako, wanakujua kwa jina lako. Na yule mwenye seva ya VPN ndiye sasa anayekaa mahali kampuni ilipokuwa. Mwaka 2020 UFO VPN, iliyodai haihifadhi kumbukumbu zozote, ilikutwa na kumbukumbu za watumiaji zimeachwa wazi mtandaoni. Hiyo ni huduma inayojulikana. Wewe unampa nafasi hiyo kijana asiye na ofisi?

Kwenye ruta ya shangazi sikukuta VPN yoyote. Nilikuta nywila ya ruta imebadilishwa, DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) imeelekezwa kwenye anwani ngeni, na mlango wa kuiongoza ruta kutoka mbali umefunguliwa. Aliye na hiyo DNS anaweza kuona majina ya tovuti mnazofungua na hata kuwapeleka kwenye tovuti bandia. Kwenye simu yake kulikuwa na programu isiyotoka Play Store, na kilichonitisha zaidi, cheti cha usalama kipya. Cheti cha namna hiyo kinaweza kumruhusu mtu kusoma hata kurasa zenye alama ya kufuli.

Kama ameshafika kwako, ondoa programu na cheti hicho. Ipigie kampuni yako kabla ya kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu nyingine zinapoteza mipangilio ya laini na utabaki bila intaneti. Kisha weka nywila mpya ya ruta na ya wifi, na ukitumia simu nyingine badilisha nywila ya barua pepe na PIN ya mobile money. Hifadhi ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala na uende nao polisi. Sisi tumeshapeleka wa shangazi. Amesikika pia akiulizia nyumba upande wa Kira, kwa hiyo wa huko waambieni wapangaji na walinzi wa getini leo.