Ekstensheni ya runinga na sabufa: anza na waya wa athi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji ni yale yale. Ukigusa chuma cha nyuma ya sabufa au skrubu za king'amuzi, vidole vinatekenywa. Wengine tundu la HDMI la runinga, lile la waya wa picha na sauti, limekufa siku walipochomeka waya huku kila kitu kimewashwa. Sabufa imepelekwa kwa fundi, fundi kaifungua, kasema nzima. Nikiwauliza wanachomeka wapi, jibu karibu kila mara ni ekstensheni nyeupe yenye matundu yanayopokea plagi ya aina yoyote.

Idadi ya matundu, urefu wa waya na sehemu ya kuchajia simu unaviona mwenyewe dukani, sitavigusa. Hata mzigo si tatizo hapa: runinga ya inchi 55, king'amuzi na sabufa ya kawaida kwa pamoja havifikii nusu ya pasi moja. Mradi pasi na birika la umeme visikae hapo. Kinachoniumiza ni athi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja.

Vifaa vingi vya sauti na picha vina kapasita ndogo za kuchuja umeme, na hizo huvujisha kidogo kwenye bodi ya chuma. Athi ikiwepo, kinachovuja kinashuka ardhini na wewe huhisi lolote. Isipokuwepo, bodi inabaki na volti mia na kitu, kama nusu ya 230 zetu. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndiyo maana unatekenywa tu. Lakini chomeka HDMI kati ya kifaa cha namna hiyo na king'amuzi ambacho dishi lake limefungwa kwenye nguzo ya chuma nje, tofauti yote inapita kwenye tundu la runinga yako. Na siku laivu, waya wenye umeme, ikigusa bodi, fyuzi haitaungua, kwa sababu umeme hauna njia ya kwenda ardhini mpaka mtu aguse.

Nimezifungua ekstensheni hizi. Pini ya athi kwenye plagi ipo, ila ni ya plastiki, au ni ya chuma isiyoungwa na chochote. Ndani ya waya kuna nyuzi mbili tu, kahawia na bluu. Kwenye matundu, bati la athi limekaa peke yake, halina hata tone la risasi ya kuunganishia. Juu ya boksi wameandika kwamba inakinga vifaa dhidi ya umeme mkubwa, na kinachothibitisha hilo ni taa nyekundu. Kinga ya kweli inahitaji athi ili imwage umeme wa ziada ardhini. Bila athi, sehemu kubwa ya kazi yake haipo.

Kabla hujalipa, soma maandishi kwenye ganda la waya. H05VV-F 3G1.25 maana yake nyuzi tatu, athi ikiwemo, kila uzi milimita za mraba 1.25. G ni athi ipo, X ni athi haipo. Ukikuta 2X0.75, irudishe. Kisha omba multimita, kile kipimo cha umeme cha fundi, iweke kwenye mlio: ncha moja pini ya athi ya plagi, nyingine tundu la athi. Isipolia, ondoka.

Ekstensheni ya kwanza kwangu ni Masterplug ya 13A, ya Uingereza, na sifichi kwamba naipendelea. Plagi yake ni hii hii yetu ya pini tatu za mraba, ina fyuzi ya BS 1362, kiwango cha Uingereza, na matundu yake yana vifuniko vinavyofunguka pini ya athi ikiingia. Ukiwa na ndugu Uingereza, mwambie akuletee hiyo badala ya manukato.

Ya pili ni ya kuundwa na fundi, na naiheshimu kuliko nyingi za madukani. Nunua kwa mita waya laini wa kore (nyuzi) tatu wa milimita za mraba 1.5, wa Africab au East African Cables, soketi pacha ya 13A ya MK au Tronic, boksi lake, na plagi yenye fyuzi. Simama hapo hapo fundi akifunga uzi wa kijani na njano pande zote mbili.

Ya tatu, ekstensheni za dukani zenye matundu ya mraba matupu, kama zimepita kipimo cha multimita. Zile za matundu ya kila plagi, hapana.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni jambo jingine, hapo ongeza TV Guard ya Sollatek kati ya soketi ya ukutani na ekstensheni. Inakata volti zikizidi au zikipungua, na inasubiri umeme utulie. Hakikisha pia nyumba yenyewe ina fimbo ya athi ardhini, nyumba za kupanga nyingi hazina. Na acheni kuchokonoa tundu la athi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Badilisha plagi.

Sasa wauzaji. Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, bidhaa ile ile inaitwa "orijino" duka hili na "orijino kabisa" duka la pili, bei imepanda kwa neno moja. Ukiomba kupima unaambiwa ukifungua umenunua. Kwa kitu kitakachokaa chini ya runinga ya shilingi laki nane, sebuleni watoto wanapocheza! Wapo wanaotoa multimita wenyewe bila kununa, na hao nawalipa elfu mbili tatu zaidi bila kubishana. Tatizo ni kwamba wateja wengi wanawapita wakifuata ya bei ya chini, na mwaka unaofuata duka la aina hiyo halipo.