Mbwa mwitu au fisi wa Karura?

Hadithi ya msichana wa kofia nyekundu nimeifundisha gredi ya tatu kwa njia mbili.

Ile ya Ulaya ina utamu wake: miisho miwili. Kwa Perrault, mwandishi Mfaransa (1697), binti analiwa, basi. Kwa ndugu Grimm, wakusanyaji hadithi wa Ujerumani (1812), mwindaji anamwokoa. Uliza, "Mwisho upi ni wa haki?" mikono yote juu. Ila nusu ya kipindi huishia kueleza mbwa mwitu ni mnyama gani.

Niliyoigeuza, binti akipita Msitu wa Karura, Nairobi, na chapati za nyanyake, haina shida hiyo. Fisi alipomuuliza anakoenda nilifunga kitabu: "Mbona anauliza?" Kimya. Kisha sauti ya nyuma: "Anataka kumtangulia, mwalimu."

Mimi huanza na fisi. Perrault husubiri muhula wa pili.