Pweza wa Seoul sina ugomvi naye, ugomvi wangu ni na aliyetupeleka

Mimi ni wa Temeke. Pweza namjua tangu utotoni: kipande kwenye kijiti, supu kwenye kikombe, pilipili na ndimu. Kwa hiyo wakala wa hapa mjini aliyetuuzia safari ya Korea Kusini aliposema tutaonja san-nakji, pweza mbichi, sikushtuka.

Soko la Noryangjin lenyewe nililipenda mno. Ni kama Feri, soko letu la samaki la Dar, ila liko ndani ya jengo: unanunua samaki chini angali anaogelea, unapanda naye juu mgahawani wakutayarishie. Mama mmoja mtu mzima akakatakata pweza mdogo, akamwagia mafuta ya ufuta, akatuwekea mezani. Vipande vinajinyonganyonga kwenye sahani! Pweza keshakufa, lakini neva za minyiri bado zinafanya kazi.

Sasa nisikilizeni. Chakula hiki kina sharti moja: utafune sana kabla ya kumeza. Vile viduara vya kwenye minyiri vinanata, vinaweza kukukaba koo. Watu wamekufa hivyo. Kiongozi wetu, Mbongo mwenzetu aliyekaa kule miaka, analijua hilo. Hakusema neno. Alitoa simu akasubiri.

Mimi nimezoea pweza aliyepondwa akachemshwa mpaka akalainika. Nikatafuna mara mbili tatu, nikameza. Kikanasa nyuma ya kaakaa, pumzi haipiti, machozi yananitoka. Na yeye anacheka: "Hapo hapo dada, angalia kamera!" Aliyeniokoa ni yule mama. Lugha hatuelewani, akanishika taya, akanionyesha kwa meno yake mwenyewe: tafuna, tafuna.

Nilikaa kuandika hapa niwaambie msithubutu kwenda. Lakini nisiwe mwongo. Kipande cha pili nilikitafuna kama alivyonionyesha, na kilikuwa kitamu ajabu: ufuta, chumvi ya bahari, nyama inang'ang'ana kidogo halafu inaachia. Sahani niliimaliza. Ningerudi hata kesho, ila si na watu hawa.

Maana nilipokwenda ofisini kwao kulalamika, binti wa mapokezi hata kichwa hakuinua. "Si ulikula mwenyewe, dada?" Na ile video wameiweka kwenye ukurasa wao, wanaitangazia safari inayofuata. Nimeomba waifute, nimeomba tena. Jana usiku nimeangalia, bado ipo.