Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika makao ya wazee: tathmini ya mwanafamilia

Makao anamoishi mama yangu hupokea wanafunzi wa uuguzi na wa ustawi wa jamii wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo, na kwa kuwa familia nyingi husita zinaposikia kwamba mzee wao atahudumiwa na mtu ambaye bado anajifunza, nimeona niitathmini huduma hiyo kama ninavyoiona ninapomtembelea. Naiunga mkono, ila ina kasoro moja kubwa ambayo si ya wanafunzi.

Faida yake ya kwanza ni muda. Mhudumu mwenye wazee wengi katika zamu moja hulazimika kuharakisha, ilhali mwanafunzi hufuata utaratibu hatua kwa hatua. Anapomwinua mama kitandani, humwacha kwanza aketi ukingoni, miguu ikiwa imekanyaga sakafu, kwa kuwa shinikizo la damu la mzee huweza kushuka ghafla anaposimama na kumwangusha kwa kizunguzungu. Humlisha akiwa ameketi wima, husubiri ameze ndipo ampe kijiko kingine, na hamlazi mara tu baada ya kula. Wahudumu wazoefu wanayajua haya yote. Huenda mwanafunzi huyatekeleza kwa sababu tu msimamizi anamtazama, nami sioni ubaya wa sababu hiyo.

Siku moja mwanafunzi alimwomba mama ruhusa, "Bibi, nikugeuze upande wa dirishani?", kisha akaona wekundu kwenye kisigino. Aliubonyeza kwa kidole, akakiondoa, akatazama: ngozi haikupauka hata kidogo. Alinieleza kwamba hiyo ni dalili ya mwanzo ya kidonda cha mgandamizo, yaani kile kinachotokana na kulalia sehemu moja ya mwili kwa muda mrefu, akaweka mto chini ya muundi ili kisigino kining'inie bila kugusa godoro, na akaandika yote hayo katika daftari lake la mafunzo.

Hapo ndipo huduma inapopwaya. Daftari lile ni la chuo, husomwa na mkufunzi kwa ajili ya alama, na halihusiani na faili la mzee. Walioingia zamu ya usiku hawakuwa na habari yoyote kuhusu kisigino, na ni mimi niliyewaambia. Mwanafunzi anapomaliza muda wake, huondoka na kila alichokigundua, na anayempokea huanza upya na mzee ambaye, kama ana tatizo la kusahau, tayari anasumbuliwa na sura ngeni.

Suala la faragha nalo lisipuuzwe: wanafunzi wanne kumzunguka mzee mmoja anayeogeshwa ni wengi mno, hata kama lengo ni kujifunza.

Hata hivyo singependa mafunzo haya yahamishiwe hospitali peke yake, ambako mgonjwa hulazwa, hutibiwa na kuondoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 mtu 1 kati ya kila 6 duniani atakuwa na umri wa miaka 60 au zaidi, na kumtunza mtu kwa miaka mingi mfululizo hakufundishiki wodini.

Niliupendekezea uongozi utenge ukurasa wa wanafunzi ndani ya faili la kila mzee, utiwe saini na msimamizi na usomwe wakati wa kukabidhiana zamu. Pendekezo lilikubaliwa, na ukurasa huo sasa umo katika baadhi ya mafaili. La mama bado.