Uzoefu wangu: bega, karatasi ya maswali matano na kalamu ya daktari

Nianze na ile kalamu, maana mpaka leo nikifumba macho naiona. Ya buluu, yenye kifuniko cha kung'aa. Daktari bingwa wa mifupa wa hospitali moja ya binafsi Dar es Salaam, jina silitaji, aliitumia kuisukuma karatasi yangu mpaka ukingoni mwa meza. Hakuigusa kwa mkono. Aliisogeza vile mtu anavyosogeza miba ya samaki pembeni ya sahani. Karatasi ikaanguka, na mimi mwenye bega bovu ndiye niliyeinama kuiokota.

Hospitali hiyo na daktari wake nawapa nyota sifuri. Subirini nieleze, huenda huko mbele nikajirudi.

Mimi ni mtu mzima wa miaka 50 na ushee, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini, shamba langu la mikorosho liko upande wa Nanguruwe. Msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kijana wangu wa mashine akachelewa. Na salfa inataka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Jua likishapanda unapulizia hewa tu. Nikaona hasara inakuja. Mashine nikaiweka chini, nikaikanyaga fremu, nikavuta kamba ya kuwashia. Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikawaka nusu, ikanirudishia mkono kwa nguvu, na begani pakalia trrr, kama kanga kuukuu inayochanwa matambara.

Miezi iliyofuata ni ya aibu, niipitie haraka. Diklofenaki za duka la dawa mpaka tumbo likalalamika. Mama mkwe akaniletea bibi wa kuchua, akanichua nikaona nyota mchana. Eksirei ikasema mifupa mizima, na nikaambiwa ni umri. Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi: nikilalia upande wa kulia naamka nalia, nikilala chali linawaka. Kufunga kilemba nikawa naomba wajukuu.

Aliyenishtua ni tabibu mmoja kijana wa hapahapa Mtwara. Aliniambia ninyooshe mkono mbele, kidole gumba kikiangalia chini, kisha akaukandamiza taratibu. Mkono ukaanguka kama si wangu. "Mama," akasema, "eksirei inaonyesha mifupa. Wewe tatizo lako ni kano." Akanichorea nyuma ya cheti: kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa begani kama chungwa juu ya kisahani cha kahawa. Kinachokishika kisidondoke ni misuli minne, na kano zake zimekizunguka. Ya juu ndiyo hukatika zaidi. Nenda ukapige MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hadi misuli na kano, akanishauri, kisha umwone bingwa wa mifupa, na uhakikishe ni wa mabega, siyo bingwa wa mifupa tu.

Basi nikapanda basi kwenda Dar kwa mwanangu, nikapige hiyo MRI na kumwona bingwa. Kilomita mia tano na kitu, na lile bega langu likahesabu kila shimo. Pale Somanga nilishuka nikakaa chini ya mti nikijiuliza kama nirudi.

Binti yangu ndiye aliyeandika karatasi. Usiku kucha alikuwa kwenye simu anasoma, asubuhi akachana ukurasa wa daftari. Moja: mchaniko ni mkubwa kiasi gani, na je, mazoezi peke yake hayatoshi? Mbili: kwa mwaka unapasua mabega mangapi? Tatu: ukinipasua kwa matundu, ukaingiza kamera begani ukakuta hali tofauti na picha ya MRI, utafanyaje? Nne: nikirudi Mtwara, mazoezi atanisimamia nani? Tano: nikipata homa au kidonda kikitoa usaha, nampigia nani? Nambie, hapo kuna tusi gani?

Daktari yule ni wa umri wa kifungua mimba wangu. Niliingia nikiisubiri shikamoo yake, haikuja, nikamtangulizia mimi: habari za kazi, daktari. Akaitikia akiangalia kompyuta. Bega langu hakulishika. Blauzi sikuvua, mkono sikuinua.

"Kano imechanika, sentimita mbili. Tunapasua kwa matundu. Nenda mapokezi wakupangie."

"Daktari, nina maswali machache." Nikampa karatasi.

Akasoma hivi kwa jicho moja. "Nani kakuandikia?"

"Mwanangu."

"Ni daktari?"

"Hapana, anauza vifaa vya simu Kariakoo."

Akacheka. Siyo kucheka na mtu, kumcheka mtu. "Basi mwambie akupasue yeye." Ndipo kalamu ikafanya kazi yake. Simu ikaita, akapokea, na nikiwa mlangoni akaongeza huku kaziba simu kwa kiganja, "Lakini usikae nayo, mama. Itaharibika." Maneno hayo yashikeni, nitayarudia.

Nilitoka nikiwa sioni mbele. Kila kitu cha mle ndani kikaniudhi: viyoyozi vya kugandisha maiti, viti vya plastiki vyeupe, dada wa mapokezi aliyeniita "mgonjwa" wakati jina langu liko mbele yake. Ndani ya daladala ya Mbagala nilikuwa nimeshaapa kuwa huo upasuaji wa matundu ni biashara ya kuwala watu wa mikoani, na kwamba mimi nitazikwa na bega langu.

Nikarudi Mtwara. Korosho zikaanza kudondoka. Nikaokota kwa mkono wa kushoto msimu mzima, nikachomoa korosho kwenye bibo kwa mkono wa kushoto, minada ikaanza ikaisha, na kila aliyeniuliza bega vipi nilimsimulia kalamu. Binti yangu alichoka. Akanipigia usiku mmoja akaniuliza: "Mama, unatafuta daktari au unatafuta mkwe?"

Swali hilo lilinichoma kuliko bega.

Safari ya pili nilianzia kwingine. Kumjua daktari kama amesajiliwa si kazi, Baraza la Madaktari Tanganyika lipo na rejista yake ipo. Ila rejista haikwambii mikono yake inajua bega au inajua goti. Watu walinitajia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wengine wakanitajia hospitali za misheni, kila mtu na shemeji yake aliyepona. Mimi nikamfuata anayeona matokeo: dada wa fizio. Watu wa mazoezi ya viungo ndio wanaopokea mabega baada ya kupasuliwa, wanajua ya nani yanainuka na ya nani yamekakamaa. Nilimuuliza, angekuwa mama yako ungempeleka kwa nani? Akafikiri kidogo, akanitajia jina moja.

Huyu wa pili alisema shikamoo mama kabla sijakaa. Alimwita nesi, nikavua blauzi, akayashika mabega yote mawili, zima na bovu, akalinganisha. Karatasi yangu, ileile yenye alama ya vumbi la sakafu, akaichukua na kujibu mstari kwa mstari kwa mwandiko wake. Swali la pili hakujitia ukubwa: "Magoti ndiyo mengi kwangu. Mabega ni mawili matatu kwa mwezi." Kama ungekuwa mchaniko mdogo wa uzee, akasema, tungekupa mazoezi ya miezi mitatu kwanza, wengi hupata nafuu bila kisu. Lakini wako ulikatika kwa mkupuo, na mkono ndio unaokulisha.

Upasuaji wenyewe, kwa ninyi mnaouogopa: walinichoma ganzi shingoni upande wa bega, kisha nusu kaputi. Matundu manne, kila moja halifiki urefu wa ukucha wa kidole gumba. Moja linaingiza kamera, yanayobaki yanaingiza vifaa. Maji ya chumvi yanapita muda wote kulitanua bega ili kamera ione, ndiyo maana nilipoamka bega limeumuka kama andazi, nikapiga kelele kuwa wameniharibu. Ni maji tu, yanafyonzwa siku mbili hivi. Kano hushonwa kwa nyuzi zilizofungwa kwenye vipini vidogo vilivyopigiliwa mfupani. Vipini hivyo vinabaki humohumo.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni usiku wa kwanza. Mchana mkono ulikuwa mfu kabisa, naushika kwa mkono mwingine kama mzigo wa jirani, nikajigamba kwa wifi zangu kwamba upasuaji wa kisasa hauumi. Saa nane usiku ganzi ikaisha, yote, kwa mara moja. Yale maumivu sikuyajua wakati wa kuzaa watoto wanne. Dawa zilikuwa mkobani, nilitakiwa nianze kuzimeza kabla ganzi haijaondoka, na hiyo haikuwa imeandikwa popote kwenye karatasi. Hapo daktari wangu mpole mwenye shikamoo nilimtukana, Mungu anisamehe. Namba aliyonipa kujibu swali la tano iliita mpaka asubuhi.

Sasa turudi kwa wa kalamu.

Siku ya kutoa nyuzi daktari wa pili alinionyesha picha za ndani. Ukizoea kukata nyama jikoni kwako hutashangaa: nyama nyekundu huku, kitu cheupe kilichonyauka kule, kimerudi nyuma mbali na mfupa. Ile sentimita 2 ya kwenye MRI ilikuwa imekaribia 4. Na msuli ukikaa muda mrefu bila kuvuta chochote, nyama yake inageuka mafuta, na yakishaingia hata ukishona vizuri hayatoki. Alifunga alichoweza. "Ungekuja mapema kidogo," akasema kwa upole uleule, ningetamani anifokee.

Usikae nayo, mama. Itaharibika.

Yaani yule mshenzi alikuwa sahihi. Dakika nne, hajanigusa, yuko kwenye simu, na alikuwa sahihi kwa kila kitu: kipimo, dawa na haraka. Mimi nikaipokea kalamu nikaacha neno. Lakini hapana, sibebi lawama yote. Neno la kweli ukilitupa mlangoni huku umeziba simu, unategemea nani aliokote? Angenijibu swali moja tu, lile la kwanza, ningelala kwenye meza yake ya upasuaji wiki ileile.

Wiki sita mkono ulining'inizwa shingoni, nililala nimeegemea mito kama bibi harusi wa kutazamwa. Kisha dada wa fizio akaanza: vidole vinapanda ukutani, siku ya kwanza mpaka usawa wa kiuno, nikalia. Alipiga alama kwa penseli na tarehe pembeni. Huyo mpeni nyota zote mlizonazo, na angalieni anavyolipwa. Ni miezi kadhaa sasa tangu nipasuliwe, alama zimefika juu ya sikio na hapo zimegoma. Kilemba nafunga mwenyewe. Ndoo ya maji naibeba ikiwa nusu. Kopo la chumvi nimelishusha rafu ya chini.

Salfa inakaribia tena. Kijana wa mashine nimemwambia alale palepale shambani.

Kuhusu nyota: wa pili nilitaka kumpa tano, ninapunguza moja kwa ile simu iliyoita mpaka asubuhi. Wa kwanza nilisema sifuri. Haya, mpeni mbili za sentimita zake. Ya adabu ibaki palepale.