Uzoefu wangu na apu ya kupangia wahudumu wa majumbani

Mi ndo napanga ratiba za wahudumu wanaowafuata wagonjwa majumbani, zamani tulikuwa tunajibana na Excel na grupu la WhatsApp, sa hivi tunatumia apu ya kulipia kila mwezi, jina naliacha maana nina ya kuisema.

Kwanza niipe haki yake, njia inajua kupanga. Mhudumu akiwa na nyumba 8 kwa siku kuna namna 40,320 za kuzifuatanisha, na hapo hujagusa nani anatakiwa afikiwe saa ngapi, sasa alfajiri mtu anakupigia anaumwa haji kazini, kichwa gani kitaweza? Yenyewe inazigawa nyumba zake kwa wenzake hapohapo.

Ila ukiiacha ilivyokuja inajali kilomita tu. Mgonjwa wa insulini wa kuchomwa kabla ya kifungua kinywa ilimtupa saa nne asubuhi eti kwa sababu yuko njiani kwa mwingine, heee! Ikabidi nipitie mgonjwa mmoja mmoja, insulini na dawa za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, nikazifungia saa zake kabisa, kuogesha na mengine yasiyo na haraka nikayaachia nafasi ya masaa mawili matatu. Hapo ndo ikaanza kuwa na akili. Lakini usimbane kila mtu, ukibana wote inakwambia haiwezekani basi, haisemi nani anakwamisha, hii inaniudhi mpaka leo.

Kingine sura. Mzee mwenye tatizo la kusahau ukimpelekea mtu mpya kila siku haogi, wengine hata mlango hawafungui, na kwa apu mhudumu ni mhudumu tu. Kuna sehemu ya kuweka mhudumu wa kawaida wa mgonjwa, wameificha huko ndani kabisa kwenye mipangilio sijui kwa nini, itafute uipe kipaumbele, safari zitarefuka kidogo ila simu za ndugu kulalamika zitapungua, kwangu zimepungua kweli.

Muda pia inahesabu barabara tu, ngazi haizijui, kutafuta pa kuegesha, kunawa mikono, kuandika ripoti, mgonjwa anayetaka kuongea kidogo, yote hayo hamna. Mi naongeza dakika 10 kila nyumba. Af wale wa kuinuliwa na watu wawili inawapangia vizuri, ila mmoja akikwama kwenye foleni mwenzake haambiwi, anasimama mlangoni anasubiri na mgonjwa ndani anasubiri.

Wahudumu wenyewe mwanzoni walinuna wakidhani wanafuatiliwa, kumbe inasoma walipo wakibofya kuingia na kutoka tu. Bila mtandao inafanya kazi, inatuma baadaye.

Tunaendelea nayo. Ukitaka kuijaribu kile kipindi cha bure usiweke wagonjwa wa mfano, weka wale wako wagumu kabisa, majina ficha, halafu mtoe mhudumu mmoja ghafla katikati ya siku uone inafanyaje.