Kapsuli za vitamini D: "Ya ziada utaikojoa tu"

Nyota moja, na hiyo ni ya kifuniko, maana kinafunga vizuri.

Nilipimwa damu, vitamini D ikaonekana iko chini, nikaenda duka la dawa. Kijana wa kaunta akanipa kichupa cha kapsuli za yuniti 50,000. Nikamuuliza, hizi ni za kila siku? "Kila siku, baada ya kula." Si nyingi mno? Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Huyu anaogopa vitamini!" Kisha akanimalizia: "Ya ziada utaikojoa tu."

Kukojoa nilikojoa kweli, usiku kucha. Kiu haikatiki, choo kimegoma, kichefuchefu asubuhi mpaka jioni, na katikati ya mazungumzo nasahau nilichokuwa nasema. Daktari alipoona kalsiamu ilivyopanda kwenye damu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Unameza nini?" Nikatundikiwa dripu.

Inayotoka kwa mkojo ni vitamini C, bwana mdogo! D huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huiweka akiba. Ikizidi, kalsiamu hufyonzwa kupita kiasi kutoka kwenye chakula na nyingine huchotwa kwenye mifupa, yote inaishia kwenye damu. Figo ndizo zinazolipa: mawe, au zishindwe kazi kabisa. Hata moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Jua peke yake halikufikishi huko, ngozi inajua kujizuia. Kaunta ndiyo haijui.

Kikomo cha mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni yuniti 4,000 kwa siku. Kapsuli ya 50,000 kwa kawaida humezwa moja kwa wiki, kwa muda uliopangwa. Na kichupani imeandikwa! Nilibandua stika ya duka kwa ukucha, chini yake nikakuta: "moja kwa wiki".

Kusema haki, kapsuli zenyewe sina ugomvi nazo. Mwenye upungufu aliyepangiwa na daktari zinamfaa, na hata mimi ningezipa nyota tatu. Lakini nilipowapigia simu, dada mmoja akanijibu, "Kaka, maelekezo si yapo kwenye chupa?" Yapo, dada, chini ya stika yenu! Akakata simu.

Basi hata ile nyota ya kifuniko naiondoa. Kapsuli nimeacha zamani, akiba bado imo mwilini, na wiki ijayo naenda kupimwa figo tena.